Mwendo wa Bibi Mkubwa

9 Septemba 1793

Mvua imeanza mapema mwaka huu. Tangu alfajiri inanyesha juu ya kasri la Brodec, na bwawa la samaki limekuwa na rangi ya bati. Nilikuwa nakaza nyuzi za fidla yangu nene, ile inayokaa katikati ya wenzake na ambayo hakuna anayeisikia mpaka inyamaze, Apolena mpishi aliponiita kutoka ngazini.

"Prokop! Unaitwa juu. Na ufute viatu, nimepiga deki sasa hivi."

Bibi Mkubwa Josefa amekaa kitini karibu na dirisha. Miguu yake imejaa maji, imevimba mpaka haivai viatu, na tangu Juni hajasimama. Ana miaka hamsini na sita, miwili pungufu ya yangu, lakini uso umekuwa wa mtu wa sabini.

"Prokop," akasema, "nataka kuisikia simfoni ya kaka yako kabla sijafa."

"Ipi, Bibi Mkubwa? Jáchym aliandika tisa."

"Usijitie hujui. Ile aliyoiandika mwaka niliokuja hapa."

Nilijua. Ila karatasi zake zote ziliungua majira matatu ya baridi yaliyopita, bomba la moshi la chumba cha muziki liliposhika moto. Nikamwambia hivyo.

"Karatasi ndizo zilizoungua," akasema. "Ninyi hamkuungua. Nataka iwe tayari siku ya Mtakatifu Sesilia."

Hiyo ni sikukuu ya mlinzi wa wanamuziki, tarehe ishirini na mbili Novemba. Nimerudi chumbani. Kununua daftari jipya siwezi, kwa hiyo nimechukua la mahesabu ya nyuzi na kuligeuza kichwa chini. Nitaandika humu kila nitakachokumbuka.

10 Septemba

Nimemwambia kiongozi wetu wa muziki, Kaspar Zehetner. Ana miaka thelathini na mmoja, ametoka Vienna mwaka juzi, na bado anatembea hapa kwetu kama mtu anayeogopa kukanyaga mavi ya bata.

Akacheka. "Simfoni ya miaka ishirini na tisa iliyopita? Mzee wangu, hata mawigi ya wakati ule yameshaliwa na nondo."

Nikaondoka. Yeye hakumjua Jáchym.

14 Septemba

Kati ya walioicheza wakati ule, hapa kasri tumebaki watatu: mimi, Matouš wa baragumu, na Šebestián wa besi, ambaye sikio la kushoto halisikii tena. Tumeketi jikoni kwa Apolena maana ndiko kwenye joto. Zehetner amekuja na karatasi kwa sababu Bibi Mkubwa amemwamuru, akakaa mbali na sisi, kalamu mkononi.

"Haya, Matouš," nikasema, "sehemu ya kwanza unakumbuka nini?"

"Nakumbuka yote. Napiga paa, paa, paa, mara tatu pamoja na wenzangu. Halafu nanyamaza mapigo sitini na manne."

"Halafu?"

"Paa moja. Halafu nanyamaza arobaini."

Apolena akaangua kicheko mpaka unga ukaruka. "Na mtu kama huyu amelishwa kasri miaka thelathini kwa kunyamaza!"

Lakini Zehetner hakucheka. Aliinua kichwa. "Mzee, una hakika ni sitini na manne?"

"Bwana mdogo, mpiga baragumu akikosea kuhesabu anaingia peke yake mbele za watu. Nilikosea mara moja mwaka sitini na sita. Sijakosea tena."

Zehetner akachora mistari, akahesabu nafasi tupu, na ghafla tukawa na nyumba. Haina kuta, haina mapazia, lakini tunajua kila chumba kina urefu gani.

21 Septemba

Sehemu ya kwanza imesimama. Vile vishindo vitatu vya mwanzo, kama mtu anayebisha mlango na hangoji kufunguliwa. Kisha fidla zinamiminika chini kwa haraka, zinapanda, zinacheka. Nilikuwa nimesahau jinsi Jáchym alivyokuwa mcheshi. Nilipoicheza sauti yangu ya katikati, vidole vilienda vyenyewe mahali ambapo akili haikujua, nikamwona kaka amesimama mlangoni na soksi moja imeteremka, akisema, "Prokop, usiwe mzito, hii si ndoo ya maji."

28 Septemba

Sikukuu ya Mtakatifu Venseslasi. Maandazi ya jemu ya plamu. Hakuna kazi.

3 Oktoba

Minueti, yaani sehemu ya tatu ya dansi, tumeipata kwa siku moja, kwa sababu Šebestián anaijua kwa miguu. Alisimama na kuicheza jikoni, huku akikanyaga kwa nguvu pale besi inapokanyaga. Jáchym hakuandika minueti ya waungwana wanaoinamiana. Hii ni ya watu wenye matope kwenye visigino. Zehetner amesema haifai kwa kasri. Nilimpita nyuma baadaye kwenye ua na nikamsikia anaipiga kwa mluzi.

9 Oktoba

Mvua.

12 Oktoba

Sehemu ya nne inakwenda mbio na sote tunaikumbuka, mpaka karibu na mwisho. Mapigo arobaini hivi ya mwisho yamepotea kabisa. Matouš anasema alikuwa anapiga muda wote, kwa hiyo hakuhesabu. Sisi wawili tunakumbuka makofi tu.

15 Oktoba

Leo sehemu ya pili. Nilikuwa nimeiacha makusudi.

Fidla zinadonolewa kwa vidole, taratibu, chini kabisa, na juu yake zumari inaimba peke yake. Hii naijua. Mara ya mwisho kupigwa ilikuwa kwenye mazishi ya kaka mwenyewe, Februari ya mwaka sabini na moja, na mimi ndiye niliyeongoza. Nimemwandikia Zehetner sauti ya zumari kama ninavyoisikia kichwani. Tulipoipiga, sauti ya zumari ikiwa kwenye fidla ya Zehetner, Šebestián aliweka upinde chini akajifuta macho. Zehetner mwenyewe alichelewa kuishusha fidla yake.

"Kaka yako," akasema, "alijua huzuni."

Ilikuwa mara ya kwanza kumpenda.

20 Oktoba

Siku mbaya.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ukumbini, wapigaji wote wa kasri, milango wazi. Bibi Mkubwa aliomba kitanda chake kisogezwe karibu ili asikie. Sehemu ya kwanza alitabasamu. Apolena alikuwa naye, ndiye aliyenieleza. Ikaja ya pili. Hatukufika nusu, kengele yake ikalia kwa hasira.

Nikapanda mbio. Alikuwa ameketi wima, mashavu mekundu.

"Siyo hii."

"Bibi Mkubwa, ni yenyewe. Mimi…"

"Nota ni zile. Siyo yenyewe." Aliangalia dirishani. "Mmeifanya nini?"

"Tumekosea wapi? Tuambie, turekebishe."

Akafungua kinywa, akafunga. Uso wake ukawa wa msichana aliyeulizwa jambo la aibu mbele za watu. "Kama hujui wewe uliyelala chumba kimoja naye, sitakueleza mimi," akasema. "Nenda."

Chini, Zehetner alikuwa ananingoja. "Zumari ilipigwa na nani wakati ule?"

"Mtu mmoja."

"Alikufa?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

Nikasema kichwa kinaniuma, nikaja huku chumbani.

21 Oktoba

Nimeandika ukurasa mzima nikauchana. Naanza upya.

Aliyepuliza zumari aliitwa Havel Kudrna. Alikuwa rafiki wa Jáchym kuliko nilivyokuwa mimi, na mimi nilikuwa ndugu yake wa damu. Kaka aliugua homa akafa ndani ya siku tisa. Mimi nikasema sehemu ya pili ndiyo itamsindikiza, na kwa kuwa ilikuwa mazishi nikasema tuipige polepole sana, na vile virukio vidogo vya zumari tuvilainishe, maana kanisani vingeonekana utovu wa adabu.

Kudrna akaweka zumari magotini, jeneza likiwa pale mbele yetu. "Siipulizi hivyo," akasema.

Nikamwambia mbele za watu wote, "Basi huna moyo wa binadamu."

Aliingiza zumari ndani ya koti akatoka nje kwenye theluji. Fidla ya kwanza ikachukua sauti yake.

Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba wiki ile ile nilimwandikia marehemu Bwana Mkubwa barua kwamba ama Kudrna aondoke ama mimi niondoke. Kudrna alikuwa na mke na mtoto anayenyonya. Kabla ya Pasaka walikuwa wameshapakia vyombo kwenye mkokoteni. Bibi Mkubwa alikuwa Brno wakati huo kwa dada yake. Aliporudi tulimwambia mpiga zumari amepata kazi kwingine. Simfoni ile haikupigwa tena, kwa sababu mimi sikuweza kuivumilia, na kila mtu aliniheshimu kwa hilo.

Kudrna ni mwalimu wa shule na mpiga kinanda wa kanisa kule Olešná. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Sijawahi kwenda.

25 Oktoba

Nimekwenda. Matope mpaka magotini. Mkewe, Rozára, alifungua mlango, akanitambua, akatazama matope yangu kisha akasema, "Ingia, bwana, utakufa na baridi." Akaniwekea supu ya viazi na uyoga. Kudrna alikuwa mezani anachonga tete, ule ulimi wa zumari, kwa kisu. Amekuwa na kipara na mgongo umepinda. Hakuinuka.

"Mzee wa fidla nene," akasema. "Umepotea njia?"

Nikamweleza habari ya Bibi Mkubwa, moto, karatasi. Nikamwomba aniandikie sauti ya zumari.

Alipuliza vumbi la tete. "Umekuja kuchukua kitu, Prokop, au umekuja kusema kitu?"

Sikuelewa, au nilielewa. Nikasema, "Bibi Mkubwa anakufa, Havel."

"Nimesikia. Nitamwombea." Akarudi kwenye kisu chake.

Nilimaliza supu kwa sababu ya adabu. Njia ya kurudi nilimtukana hadi nikaishiwa maneno. Nilimwita mwenye kinyongo, bahili wa roho, na mengine ambayo sitayaandika.

29 Oktoba

Wamelikausha bwawa ili wavue. Kijiji kizima kwenye tope, nyavu zimejaa kambare na samaki wengine wanene, watu wanapiga kelele. Bibi Mkubwa alitaka kuona lakini dirisha la chumba chake halielekei huko, na madaktari wamekataza asibebwe. Apolena alimpelekea samaki mmoja hai ndani ya beseni amwangalie. Anasema Bibi Mkubwa alimgusa yule samaki kwa kidole akasema, "Na wewe huna miguu."

2 Novemba

Siku ya Wafu Wote. Mshumaa kwa Jáchym, mshumaa kwa mama. Upepo uliizima yote miwili.

Nilisimama pale nikijaribu kumkumbuka kaka, na jambo limenishtua: ninayemkumbuka ni maiti. Ninamwona amelala. Yule wa soksi iliyoteremka alinijia jikoni mara moja tu, tulipokuwa tunaipiga sehemu ya kwanza kwa haraka yake.

4 Novemba

Daktari amesema Bibi Mkubwa hafiki Sesilia. Labda wiki mbili.

Zehetner alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Mzee Prokop, mimi nilidhani ni mchezo wa wazee. Sasa kila nikiamka naisikia. Mwisho wa sehemu ya nne nimeuandika mwenyewe, mapigo arobaini. Utaniambia kama nimemtukana kaka yako. Lakini ile ya pili siwezi kuibuni. Kamlete yule mtu."

"Hataki."

"Ulimwomba vizuri?"

6 Novemba

Nilifika Olešná saa nne asubuhi, shule ikiendelea. Nikaingia, nikakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, magoti yakigusa kidevu. Watoto wakageuka wote. Kudrna alinitazama akaendelea na irabu. Nikasubiri irabu, nikasubiri hesabu, nikasubiri sala. Walipotoka, nikabaki mimi kwenye benchi na yeye ubaoni.

"Nimekuja kusema," nikasema.

"Sema."

"Niliandika barua. Ni mimi niliyekufukuzisha. Siyo Bwana Mkubwa."

Akafuta ubao wote kwanza, kona hadi kona. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Katibu alinionyesha. Mwandiko wako naujua, Prokop, unaandika kama kuku anayeparua."

"Miaka ishirini na miwili umejua, na hukuniambia neno?"

"Nikuambie nini? Wewe ndiye uliyekuwa na la kuniambia." Akakaa kwenye benchi lililo mbele yangu, akanigeukia. "Mtoto wetu wa kwanza alikufa njiani, majira yale. Baridi. Sisemi ili nikuumize. Nasema kwa sababu hukuuliza."

Sikujua. Naapa sikujua. Niliinamisha kichwa juu ya meza ya watoto, na sikumbuki ni muda gani. Niliomba msamaha kwa maneno mabovu ambayo hayakufika popote. Hakusema amenisamehe. Rozára aliingia na mkate, akatuona, akatoka tena na mkate wake.

Mwisho Kudrna akasema, "Unajua kwa nini sikupuliza?"

"Nilidhani ulikuwa huna huzuni."

"Nilikuwa nayo ya kunitosha. Siku ya saba ya homa kaka yako aliniita. Alisema, 'Havel, Prokop ataigeuza ile sehemu ya pili kuwa kilio. Namjua. Usimruhusu.' Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza ilikotoka." Kudrna akasogea karibu. "Wewe ulikuwa unamwona Bibi Mkubwa alipokuwa anatembea?"

"Kila siku. Alikuwa anachechemea."

"Unaona? Na sote tulikuwa tunajifanya hatuoni. Alikuja hapa na miaka ishirini na saba kwa sababu kwao hakuna aliyemtaka kwa ule mguu. Wageni walikuwa wanageuza macho. Mumewe pia. Kila asubuhi alizunguka bwawa peke yake, na Jáchym alikuwa anamwangalia kutoka dirisha la chumba cha muziki. Hatua moja, hatua ya pili, ya tatu inachelewa, halafu karukio kadogo ili kuiwahi. Jáchym aliniambia: 'Ana haraka, Havel. Anakwenda kama mtu anayewahi habari njema.' Akaandika. Sauti za chini zikidonolewa ni njia, na zumari ni yeye."

Nikavikumbuka. Vile virukio nilivyovilainisha.

"Siku ya kwanza ilipopigwa," Kudrna akaendelea, "nilikuwa namwona kutoka nilipokaa. Alijitambua. Nilidhani atatoka nje kwa hasira. Alifunika mdomo kwa upepeo wake, na nilidhani analia, kumbe anacheka. Kaka yako alisema hivi: ukiipuliza polepole, umemfanya kilema. Ukiipuliza kwa mwendo wake, ni mwendo wake tu."

Alisimama akachukua koti. "Mkokoteni wangu una gurudumu bovu. Tutakwenda kwa miguu."

7 Novemba

Leo asubuhi, mbele ya wenzangu wote, nimesema kwamba nilichowafundisha ni makosa na kwamba makosa ni yangu, tangu mwaka sabini na moja. Matouš akasema, "Hata mimi niliona mapigo ni marefu mno, pumzi zilikuwa zinaniishia." "Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Ulikuwa umefiwa," akajibu.

Kudrna alipopuliza, Zehetner aliacha kuongoza akasikiliza tu. Mwendo ni wa kutembea, wa haraka kidogo. Hatua ya tatu inachelewa, kisha inaruka. Haina huzuni hata chembe. Ni sauti ya mtu anayekwenda mahali asubuhi, peke yake, na hajali.

Ila mimi, kwa kuwa sasa najua ni nani, nilishindwa kudonoa nyuzi zangu.

11 Novemba

Mtakatifu Martino. Theluji ya kwanza, na bata bukini wa kuoka. Kudrna analala kwa Matouš. Hatuzungumzi sana. Leo alinipa paja la bata kutoka sahani yake bila kusema neno, nikalila bila kusema neno.

15 Novemba

Apolena ameshuka na macho mekundu. "Msingojee Sesilia. Msingojee hata Jumatatu."

16 Novemba

Tumeipiga leo, saa tano asubuhi, katika chumba cha manjano kinachopakana na chumba cha Bibi Mkubwa, milango yote miwili wazi. Watu kumi na sita tumebanana kama samaki kwenye pipa. Upinde wangu uligonga pazia kila nilipoupandisha. Niliketi mahali ambapo ningeweza kumwona.

Vishindo vitatu vya mwanzo vilimfanya afumbue macho. Sehemu ya kwanza ilikwenda kwa kishindo, na tulikosea mara mbili, na hakuna aliyejali.

Kisha tukaweka pinde chini na kuanza kudonoa. Kudrna akainua zumari.

Nilimwona Bibi Mkubwa alivyoisikia. Kwanza alikunja uso, kama anayetazama mtu kwa mbali na hana hakika ni yeye. Zumari ikafika kwenye hatua ya tatu, ikachelewa, ikaruka. Bibi Mkubwa Josefa akaweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika, na Apolena akainama kwake kwa hofu, naye akamsukuma kando ili asimzibe. Alikuwa anacheka. Kicheko kidogo kisicho na sauti, cha msichana aliyebambwa anafanya kitu anachokipenda. Macho yake hayakuwa chumbani. Yalikuwa yanakwenda, yanapinda kona, yanakwenda tena, na nilijua ni kona zipi, kwa sababu nilikuwa nazo mimi pia: pale kwenye mierebi, pale kwenye mlango wa maji, pale kwenye jiwe ambapo unyevu huwa unatelezesha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa dirishani, na kaka yangu mzima, amesimama begani kwangu, akisema, "Mwone anavyokwenda."

Alisema hivyo kweli. Asubuhi moja. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Minueti ilitikisa sakafu. Sehemu ya nne ikaenda mbio mpaka kwenye mapigo arobaini ya Zehetner, ambaye alikuwa amepauka kama chokaa.

Baadaye Bibi Mkubwa alituita watatu mlangoni: mimi, Kudrna, Zehetner.

"Mwisho ni wa mtu mwingine," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Zehetner akainama. "Ni wangu, Bibi Mkubwa. Naomba radhi."

"Usiombe. Una adabu. Umeingia nyumba ya mtu ukafunga mlango taratibu." Kisha akamtazama Kudrna. "Ulikuwa wapi muda wote huu, Havel? Waliniambia umepata kazi kwingine."

Nikatazama sakafu. Kudrna hakunitazama.

"Nilipata, Bibi Mkubwa. Nafundisha watoto."

19 Novemba

Bibi Mkubwa amefariki leo alasiri. Apolena alikuwa naye.

22 Novemba

Mtakatifu Sesilia. Hakuna muziki. Mpwa wake amefika kutoka Brno na makarani wawili. Ni mrithi. Anataka tupige kanisani kesho kwenye mazishi. "Ile ya zumari niliyosikia shangazi aliipenda," akamwambia Zehetner. "Lakini polepole. Kuna wageni. Inafaa iwe na heshima."

Zehetner anategemea barua ya mtu huyu ili apate kazi Vienna. Amesema, "Ndiyo, bwana." Kudrna alikuwa amesimama karibu na mlango. Nilimwona akigusa koti lake, pale anapoweka zumari.

23 Novemba

Kanisa lilijaa. Wageni mbele, kijiji nyuma, pumzi za watu zikitoka kama moshi. Sisi pembeni, jeneza katikati. Wabebaji sita wakainama, wakalinyanyua mabegani.

Zehetner akainua upinde. Mpwa akamtazama. Zehetner akanigeukia mimi, si Kudrna, akanyanyua nyusi kana kwamba ananiuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akatoa mwendo. Ule ule, wa kutembea, wa haraka kidogo.

Tukadonoa. Zumari ikaingia. Wageni wakageuka, bibi mmoja akasema "Yesu wangu" kwa sauti. Wabebaji walikuwa wamezoea kuburuta miguu, wakasita, jeneza likayumba kidogo. Yule wa mbele kushoto, mtunza bustani mzee aliyefagia njia ya bwawa miaka thelathini, akainua kichwa akasikiliza. Nilimwona akielewa. Akaanza kutembea, na watano waliobaki hawakuwa na la kufanya ila kumfuata. Bibi Mkubwa akatoka mlangoni kama alivyokuwa anatembea, akipinda kuelekea makaburini, kwenye theluji, na kijiji kikamfuata kwa mwendo ule. Huko nyuma nikaona wanawake wanalia na kucheka pamoja, wale wa umri wetu. Walikuwa wanamwona.

Mpwa hakusema kitu mpaka kaburi lilipofunikwa. Kisha alimwambia Zehetner kwamba kuanzia leo kasri la Brodec halina muziki.

24 Novemba

Matouš anakwenda kwa binti yake. Šebestián anabaki kijijini. Zehetner ameondoka asubuhi kwenda Vienna bila barua, na nakala ya simfoni ndani ya shati. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika jina la Jáchym Vobořil kwa herufi kubwa. Nilimwambia aongeze jina lake kwenye mapigo arobaini ya mwisho. Alikataa. Tulikumbatiana kama ndugu, yule niliyemdhania anaogopa mavi ya bata.

Rozára alikuja na mkokoteni, gurudumu likiwa limetengenezwa. Alisema shule ina chumba cha juu na watoto wanahitaji mtu wa fidla, na kwamba yeye ndiye anayenialika, si mumewe, kwa hiyo nisimshukuru mumewe. Nikapakia fidla, nguo, na daftari hili.

Tukaanza safari, sote watatu. Theluji ilikuwa imekoma. Tulipofika juu ya kilima, ambako kasri huonekana kwa mara ya mwisho, Kudrna akasema bila kunigeukia:

"Jana kanisani ulilia?"

"Hapana. Nilikuwa nahesabu."

Akatingisha hatamu, farasi akaongeza hatua.

"Mimi nililia mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Lakini sikupunguza mwendo."